Kanzidata ya SQLite inapokuwa nzito: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo na kukiondoa

Maswali ninayoletewa na watengenezaji wa programu wa Mbeya, Tukuyu, Njombe na Iringa kuhusu SQLite, injini ya kanzidata inayohifadhi data katika faili la kawaida la kompyuta, yanafanana mno. Programu ya kituo cha maziwa, ya duka la pembejeo au ya ghala la viazi ilikuwa nyepesi ilipoanza kutumika, lakini baada ya mwaka mmoja au miwili ripoti ya mwisho wa mwezi huchukua dakika nzima, na wakati mwingine skrini huandika `database is locked` na kazi ikasimama huku foleni ikirefuka. Wengi hukimbilia kununua kompyuta mpya, kuweka faharasa (index, orodha iliyopangwa inayoharakisha utafutaji) katika kila safu (column) ya jedwali, au kufuta mafaili wasiyoyafahamu yaliyo pembeni ya kanzidata. Mambo hayo matatu hayagusi chanzo, na la tatu linaweza kufuta kabisa kumbukumbu za fedha za watu.

Utaratibu ninaousimamia hapa ni mmoja: pima, soma mpango ambao SQLite yenyewe inakuonyesha, badilisha kitu kimoja tu, kisha pima tena. Mfano wetu ni kituo cha kukusanyia maziwa wilayani Rungwe chenye wafugaji 400 wanaoleta maziwa asubuhi na jioni, yaani mistari 292,000 kwa mwaka mmoja. Majedwali ni mawili:

```
CREATE TABLE wafugaji (
  id INTEGER PRIMARY KEY, namba TEXT, jina TEXT, kijiji TEXT);
CREATE TABLE makusanyo (
  id INTEGER PRIMARY KEY, mfugaji_id INTEGER,
  tarehe TEXT, zamu TEXT, lita REAL, bei REAL);
```

## Vinavyohitajika

- Programu ya `sqlite3` ya kuandikia amri, ambayo hupatikana bure. Andika `SELECT sqlite_version();` ndani yake na ndani ya programu yako pia, kwa sababu matoleo mawili tofauti yanaweza kupanga swali moja (query, ombi la data) kwa njia mbili tofauti.
- Nafasi ya diski isiyopungua mara mbili ya ukubwa wa kanzidata.
- Swali lenyewe la SQL linalosumbua, likiwa na thamani zake halisi, kama linavyotoka kwenye programu. Swali ulilolikumbuka kichwani halifai.
- Daftari la kuandikia muda wa kila jaribio.

## Hatua ya 1: Chukua nakala kwa njia salama, kisha kagua uzima wake

Usinakili faili la `maziwa.db` kwa kulivuta tu kwenye flashi wakati programu inafanya kazi. Sehemu ya data inaweza kuwa bado iko katika faili la pembeni linaloishia na `-wal` au `-journal`, na nakala iliyochukuliwa katikati ya uandishi inaweza kuwa imeharibika tangu inapozaliwa. Tumia amri hii:

```
sqlite3 maziwa.db ".backup nakala.db"
```

Kuna wanaopendelea `VACUUM INTO`, ambayo nayo ni salama. Kwa kazi ya uchunguzi siishauri, kwa kuwa hulipanga faili upya na kuondoa nafasi tupu, na hivyo huficha dalili tutakazozihitaji baadaye.

Fungua nakala hiyo na uandike `PRAGMA integrity_check;` (amri za `PRAGMA` ni za kuikagua au kuipangilia SQLite yenyewe). Jibu linalotakiwa ni neno moja, `ok`. Ukiambiwa kwamba mistari fulani haimo kwenye faharasa, amri ya `REINDEX;` kwa kawaida inatosha. Ukipata makosa ya kurasa zenyewe, acha habari ya kasi kabisa, tafuta nakala rudufu ya mwisho iliyo nzima, na ujaribu kuokoa kilichobaki kwa amri ya `.recover`. Hakuna faida ya kuharakisha kanzidata iliyovunjika.

Umefanikiwa ukiwa na nakala iliyojibu `ok`. Kuanzia hapa hadi Hatua ya 7, majaribio yote ya kubadilisha kitu yafanyike kwenye nakala.

## Hatua ya 2: Pima muda kabla ya kugusa chochote

Ndani ya `sqlite3`, andika `.timer on`, kisha endesha swali lako mara mbili. Mara ya kwanza data husomwa kutoka kwenye diski. Mara ya pili sehemu kubwa huwa imeshahifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo andika muda wa zote mbili.

Utaona namba tatu. `real` ni muda wote uliopita, `user` ni muda ambao prosesa ilifanya kazi ya swali lako, na `sys` ni muda wa mfumo endeshi. Kama `real` ni kubwa na `user` ni ndogo, swali linasubiri diski. Kama zinakaribiana, prosesa inapitia mistari mingi mno, na hapo dawa huwa faharasa.

Iwapo swali linamalizika papo hapo hapa lakini ndani ya programu linachukua sekunde kadhaa, kosa haliko kwenye swali. Angalia kama programu inavuta mistari yote 292,000 ili ionyeshe 20, au kama inafungua na kufunga kanzidata kwa kila mfugaji. Kuuliza maswali madogo mengi si dhambi katika SQLite, kwa sababu hakuna mtandao unaopitiwa kati ya programu na data. Tatizo huja pale kila dogo linapopitia jedwali zima.

## Hatua ya 3: Soma mpango wa swali

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo majibu yalipo. Chukua swali la kuchapisha karatasi ya mfugaji mmoja kwa mwezi mmoja, na uweke maneno `EXPLAIN QUERY PLAN` mbele yake:

```
EXPLAIN QUERY PLAN
SELECT tarehe, zamu, lita FROM makusanyo
WHERE mfugaji_id = 217
  AND tarehe BETWEEN '2025-03-01' AND '2025-03-31'
ORDER BY tarehe;
```

Kama jedwali halina faharasa, jibu litakuwa hivi:

```
|--SCAN makusanyo
`--USE TEMP B-TREE FOR ORDER BY
```

`SCAN` maana yake SQLite inapita mstari kwa mstari kuanzia mwanzo wa jedwali hadi mwisho. Matoleo ya zamani huandika `SCAN TABLE`. Mstari wa pili unasema kwamba baada ya kuipata mistari inayotakiwa, inabidi ijenge mpangilio wa muda ili kuitoa kwa tarehe. Sasa fikiria mwisho wa mwezi, karatasi zikiwa 400. Kila karatasi inasoma mistari 292,000, kwa hiyo programu inasoma mistari milioni 116.8 ili kuchapisha taarifa ya mwezi mmoja. Kompyuta mpya itapunguza maumivu kidogo, na mwaka unaofuata data ikiongezeka utarudi ulipokuwa.

Tengeneza faharasa moja inayolingana na swali:

```
CREATE INDEX fh_mfugaji_tarehe
ON makusanyo (mfugaji_id, tarehe);
```

Rudia amri ya mpango. Jibu litageuka:

```
`--SEARCH makusanyo USING INDEX fh_mfugaji_tarehe
   (mfugaji_id=? AND tarehe>? AND tarehe<?)
```

Neno `SEARCH` linaonyesha kwamba SQLite inakwenda moja kwa moja kwa mfugaji huyo na tarehe hizo. Kwa mwezi wa siku 31 na zamu mbili, ni mistari isiyozidi 62. Karatasi zote 400 sasa zinahitaji mistari 24,800. Ule mstari wa `TEMP B-TREE` nao umetoweka, kwa sababu ndani ya faharasa tarehe za kila mfugaji tayari zimepangwa.

Mpangilio wa safu ndani ya faharasa si jambo la mapenzi. Safu inayolinganishwa kwa alama ya usawa hutangulia, na ile ya masafa, kama vile tarehe kutoka hapa hadi pale, hufuata. Ukiigeuza iwe `(tarehe, mfugaji_id)`, ni sawa na daftari la kituo lililopangwa kwa siku: ili kumpata mfugaji mmoja utafunua kurasa zote za mwezi huo. Mpango bado utaandika `SEARCH`, nawe utadhani umemaliza, kumbe kila karatasi inapitia mistari 24,800 peke yake. Kwa hiyo usiishie kwenye neno la kwanza. Soma kilicho ndani ya mabano, uone ni safu zipi kweli zimetumika.

Dalili nyingine mbili zinafaa kujulikana. `USING COVERING INDEX` ni habari njema, kwa maana jibu lote limepatikana ndani ya faharasa bila kurudi kwenye jedwali. `AUTOMATIC COVERING INDEX` ni onyo: SQLite imeona hakuna faharasa inayofaa, ikajitengenezea moja ya muda, na itaitupa swali likiisha. Ukiiona kwenye swali linaloendeshwa kila siku, tengeneza ya kudumu.

Onyo kubwa la hatua hii ni tamaa. Kila faharasa unayoongeza lazima isasishwe kila mara maziwa yanapopokelewa, na huchukua nafasi kwenye diski. Amri ya `.expert` ndani ya `sqlite3` hupendekeza faharasa kwa swali utakalolipa, lakini haijui maswali yako mengine. Ichukue kama ushauri, kisha amua mwenyewe. Kwa kituo kama hiki, faharasa mbili au tatu zilizofikiriwa vizuri zinatosha.

## Hatua ya 4: Faharasa ipo, lakini haitumiki

Kama bado unaona `SCAN` wakati faharasa ipo, chanzo huwa katika namna swali lilivyoandikwa.

Safu imefungwa ndani ya kitendakazi (function). Sharti kama `strftime('%Y-%m', tarehe) = '2025-03'` huilazimisha SQLite kuikokotoa kila tarehe, kwa hiyo faharasa ya `tarehe` inakosa kazi. Andika hivi badala yake:

```
WHERE tarehe >= '2025-03-01' AND tarehe < '2025-04-01'
```

Tarehe zimeandikwa kwa mtindo wa 05/03/2025. Hili nalikuta mara nyingi kuliko yote, na madhara yake yanazidi uzito. SQLite haina aina maalumu ya tarehe. Hayo kwake ni maandishi, na maandishi hayo hupangwa kwa siku kabla ya mwaka. Ripoti ya Machi itachanganya miezi na miaka bila kutoa kosa lolote. Badilisha mara moja, ukiwa kwenye nakala kwanza:

```
UPDATE makusanyo SET tarehe =
  substr(tarehe,7,4) || '-' || substr(tarehe,4,2)
  || '-' || substr(tarehe,1,2)
WHERE tarehe LIKE '__/__/____';
```

Kisha rekebisha sehemu ya programu inayoandika tarehe, la sivyo kesho zitaingia tena zile zile.

Utafutaji wa majina. `jina LIKE 'Mwa%'` haitumii faharasa ya kawaida, kwa kuwa `LIKE` haitofautishi herufi kubwa na ndogo ilhali faharasa inatofautisha. Tengeneza faharasa kwa `(jina COLLATE NOCASE)` na itatumika. Lakini alama ya asilimia ikiwa mwanzoni, kama `'%kyusa'`, hakuna faharasa ya kawaida itakayosaidia. Hapo angalia FTS5, sehemu ya SQLite iliyotengenezwa kwa utafutaji wa maneno.

Takwimu hazipo. Panapokuwa na faharasa kadhaa, SQLite hukisia ipi ni bora. Endesha `ANALYZE;` ili ipate takwimu za data yako halisi, kisha soma mpango upya. Baada ya hapo, panga programu yako iendeshe `PRAGMA optimize;` kila inapofunga muunganisho wake na kanzidata; tangu toleo 3.46.0 amri hiyo hujiwekea yenyewe kikomo cha kazi, kwa hiyo haichelewi hata jedwali likiwa kubwa.

## Hatua ya 5: Swali ni jepesi, lakini jibu si sahihi

Kabla ya kufurahia kasi, linganisha jumla ya lita za siku moja na ile iliyo kwenye daftari la kituo. Zisipolingana, anza na sababu hizi.

Namba ya uanachama `0217` iliyohifadhiwa kwenye safu ya INTEGER hubaki 217, na namba ya simu hupoteza sifuri ya mbele. Namba ambayo haijumlishwi wala kuzidishwa iwekwe TEXT, na itafutwe ikiwa ndani ya alama za kunukuu, kwa maana `namba = 217` haitaipata `'0217'`.

Alama mbili za kunukuu (`"`) nazo hudanganya. Katika SQL ni za majina ya safu, na alama moja moja (`'`) ni za maandishi. Ukiandika `WHERE "kijji" = 'Kyimo'` kwa kukosea herufi, SQLite kwa mazoea yake ya zamani inaweza kulichukua `kijji` kama maandishi ya kawaida, ikalinganisha maandishi hayo na Kyimo, na kukurudishia jibu tupu bila kulalamika.

La mwisho linahusu wasioleta maziwa. `NOT IN` ikikutana na NULL (thamani isiyojazwa) hata moja ndani ya orodha yake, hairudishi mtu yeyote, na meneja ataambiwa kwamba wote 400 walileta. Tumia `NOT EXISTS`:

```
SELECT jina FROM wafugaji w WHERE NOT EXISTS (
  SELECT 1 FROM makusanyo m
  WHERE m.mfugaji_id = w.id AND m.tarehe = '2025-03-14');
```

## Hatua ya 6: Uandishi mzito na kanzidata iliyofungwa

Kila `INSERT` iliyosimama peke yake ni muamala kamili (transaction, kundi la mabadiliko linalohifadhiwa lote au lisihifadhiwe kabisa), na SQLite haiendelei mpaka diski ithibitishe kwamba data imekaa. Nyaraka za SQLite zenyewe zinaeleza kwamba kompyuta ya kawaida hufikia `INSERT` 50,000 au zaidi kwa sekunde, ilhali miamala kwenye diski ya kuzunguka ni makumi machache tu. Kwa hiyo unapoingiza orodha kutoka faili la mizani au la Excel, anza na `BEGIN;`, ingiza yote, umalize na `COMMIT;`. Kazi ya dakika nyingi hugeuka ya sekunde chache.

Kuhusu `database is locked`, kanuni ni kwamba mwandishi ni mmoja kwa wakati mmoja. Rekebisha kwa mpangilio huu.

Kwanza, washa WAL (write-ahead log, njia ya kuandika mabadiliko kwanza katika faili la pembeni la `-wal`) kwa `PRAGMA journal_mode = WAL;`. Inatosha kuiandika mara moja, maana mpangilio huo hubaki ndani ya faili. Kuanzia hapo mtu anayesoma ripoti hamzuii karani anayepokea maziwa.

Pili, andika `PRAGMA busy_timeout = 5000;` katika kila muunganisho, ili mwandishi wa pili asubiri hadi sekunde 5 badala ya kukata tamaa mara moja.

Tatu, muamala utakaoishia kuandika uanze na `BEGIN IMMEDIATE;`. Ukianza na `BEGIN` ya kawaida, ukasoma, kisha ukataka kuandika wakati mwingine ameshaandika katikati, SQLite hukukatalia papo hapo, na ile subira ya sekunde 5 haikusaidii. Watu wengi wamewasha WAL, wameweka muda wa kusubiri, na bado kosa linawarudia kwa sababu hii.

Nne, tafuta muamala unaoachwa wazi. Programu isishike `BEGIN` huku ikimsubiri karani aandike lita au printa itoe karatasi. Kusanya taarifa zote kwanza, fungua muamala, andika, funga.

Kuna mpangilio wa `PRAGMA synchronous = NORMAL;` unaosifiwa sana kwa kasi. Ndani ya WAL hauharibu kanzidata, lakini umeme ukikatika miamala ya mwisho inaweza kupotea. Milimani kwetu umeme hukatika wakati wa mvua, na mfugaji aliyekwisha kuondoka hawezi kuthibitisha lita zake. Kwenye meza ya kupokelea maziwa ninashauri kubaki na `FULL`. Ama `OFF`, isiguswe mahali popote penye fedha za watu.

Na maonyo mawili ambayo hayana mjadala. Usifute mafaili ya `-wal` na `-shm` kwa mkono, hata yakiwa makubwa. Faili la `-wal` likikua kupita kiasi, ujue kuna msomaji ambaye hajafunga swali lake; mfunge huyo, kisha endesha `PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE);` na usubiri jibu la `0|0|0`. Pia usiweke kanzidata kwenye folda ya mtandao ili kompyuta mbili zilifungue faili moja. WAL haifanyi kazi kwa namna hiyo, na kufuli za mafaili kupitia mtandao haziaminiki. Kama kituo cha Kiwira na ofisi ya Tukuyu vinahitaji data moja kwa wakati mmoja, weka programu moja inayopokea maombi ya wote, au hamia PostgreSQL, kanzidata ya seva inayohudumia kompyuta nyingi kupitia mtandao.

## Hatua ya 7: Ukubwa wa faili na kumbukumbu

Andika `PRAGMA page_count;` na `PRAGMA freelist_count;`. Namba ya pili ikiwa sehemu kubwa ya ile ya kwanza, mathalani robo, kuna nafasi tupu iliyobaki baada ya kufuta data, na `VACUUM;` itairudisha. Ifanye wakati hakuna anayeandika, diski ikiwa na nafasi ya kutosha. Haina haja ya kuwa kazi ya kila siku.

Kumbukumbu ya akiba ya SQLite kwa kawaida ni takribani megabaiti 2 kwa muunganisho. `PRAGMA cache_size = -20000;` huipandisha hadi takribani 20. Fanya hivyo baada ya Hatua ya 3 na ya 4, si kabla.

Picha za wafugaji zihamishiwe jedwali lake peke yake, ili orodha ya majina isomwe bila kuziburuta.

## Hatua ya 8: Peleka marekebisho kwenye kanzidata halisi

Subiri zamu ya jioni iishe, kwa kuwa `CREATE INDEX` huzuia uandishi hadi ikamilike. Chukua nakala rudufu mpya kwa `.backup`, na uihifadhi nje ya kompyuta hiyo. Weka faharasa na marekebisho mengine uliyoyathibitisha kwenye nakala, endesha `ANALYZE;`, kisha `PRAGMA integrity_check;`, na ungoje `ok`.

Endesha swali lile lile la Hatua ya 2 kwenye kompyuta ya kituo chenyewe, si kwenye kompyuta yako mpya ya mkononi, na uandike muda wake karibu na ule wa zamani. Mpango uonyeshe `SEARCH` na safu zote mbili ndani ya mabano, jumla ya lita ilingane na daftari, na karani wa asubuhi apokee maziwa wakati meneja amefungua ripoti ya mwezi bila mmoja kumsimamisha mwingine. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, rudi kwenye hatua inayokihusu, na ubadilishe kitu kimoja tu kabla ya kupima tena.